Kondakta Asiye na Daladala

KUNA swali nimechoka kuulizwa. Leo nalijibu kwa maandishi ili atakayeniuliza tena nimpe gazeti asome, mimi niendelee na shughuli zangu. Swali lenyewe ni hili: "Hivi wewe, mtu mzima na akili zako, unanunuaje wimbo mmoja mara saba?"

Kwanza, wimbo wenyewe si wimbo. Ni simfoni, muziki mrefu wa okestra nzima, hauna kiitikio na mara nyingi hauna hata mwimbaji, unakwenda dakika arobaini na tano na wakati mwingine saa nzima. Pili, sijanunua mara saba. Nimenunua mara tano, mbili nilipewa. Ila hapo kwenye kupewa washikaji hawanisikilizi, maana wameshaona makava: zote saba zinaongozwa na bwana mmoja, Yevgeny Mravinsky, na zote zimepigwa na okestra moja, ya mji uliokuwa ukiitwa Leningrad na ambao tangu 1991 umerudia jina lake la St Petersburg. Mtunzi yule yule, wanamuziki wale wale, kiongozi yule yule. Tofauti iko wapi?

Subirini basi, jamani. Haraka ya nini?

Tuelewane kwanza kuhusu kazi ya huyu bwana. Mtu anayesimama mbele ya okestra akipunga kafimbo huko kwao anaitwa kondakta. Mwambie mtu wa Mbagala kwamba unakusanya santuri za kondakta, atakuuliza kondakta wa gari la wapi. Huyu hana gari, hapigi chombo wala haimbi. Amewapa mgongo watu waliolipa kiingilio na anapunga mkono, basi. Jamaa yangu mmoja anasema hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiitafuta tangu amalize shule.

Lakini hebu wachukue watu mia moja, kila mmoja fundi wa chombo chake na kila mmoja anajiona yeye ndiye bora, kisha waambie waanze pamoja na wapunguze sauti pamoja mpaka zibaki violini mbili tu zinazosikika kama pumzi. Bila mtu wa kuamua, hapo ni vurugu za stendi. Mravinsky alikuwa mtu wa kuamua, na aliamua ile mbaya.

Alizaliwa mwaka 1903 mjini humo humo. Alianza chuo akisomea sayansi ya viumbe, akaacha. Akawa mmoja wa wale watu wanaojaza jukwaa kwenye jumba la opera bila kusema neno, akapiga piano kwenye shule ya wacheza baleti ili apate chochote, na baada ya kusomea muziki akawa anaongoza baleti. Mwaka 1938 akashinda mashindano ya waongoza okestra ya nchi nzima ya Urusi ya Kisovieti, akakabidhiwa Okestra ya Filamoniki ya Leningrad. Akakaa nayo mpaka alipofariki Januari 1988. Miaka hamsini! Hapa kwetu bendi ikifikisha miaka mitano imeshazaa bendi nyingine tatu na zote zinagombea mpiga solo mmoja.

Hakuwa mtu wa kupigwa mgongoni. Alikuwa mrefu, mkavu, uso hauchezi. Muziki ambao vijana wake waliujua kama jina la mama zao, yeye aliufanyia mazoezi upya kana kwamba wameuona jana. Mpaka leo inasimuliwa kwamba zamani zile walifanya mazoezi ya mwisho ya simfoni moja ya Bruckner, ikatoka vizuri mno, akafuta onyesho lenyewe kwa sababu aliona haiwezi tena kutoka vile. Fikiria umeshanunua tiketi.

Sasa kwa nini mimi nimemng'ang'ania yeye? Chanzo ni usiku mmoja, tarehe 21 Novemba 1937.

Mtunzi Dmitri Shostakovich alikuwa na miaka 31 na alikuwa na kila sababu ya kuogopa. Januari 1936 gazeti la chama, Pravda, lilimshambulia kwa opera yake iliyokuwa imejaza watu, likasema si muziki bali ni fujo. Enzi za Stalin makala ya namna hiyo hukuisoma ukacheka. Watu walikuwa wanachukuliwa usiku na hawarudi. Marshal Tukhachevsky, mkubwa wa jeshi aliyekuwa mlezi wa Shostakovich, alipigwa risasi Juni 1937. Shostakovich akaandika Simfoni ya Tano, na wa kuiongoza kwa mara ya kwanza akawa kijana wa miaka 34 ambaye hata hiyo okestra alikuwa bado hajapewa. Ndiye Mravinsky.

Watu walilia ukumbini wakati wa ile sehemu ya polepole. Wale waliokuwepo wanasema makofi ya mwisho yalikwenda zaidi ya nusu saa, na Mravinsky akainua kitabu cha noti juu ya kichwa chake ili watu waone kwamba sifa ni za mwenye kitabu. Siku ile kupiga makofi kulikuwa na hatari yake, na kuinua kile kitabu nako kulikuwa na hatari yake.

Tangu hapo wale wawili wakawa kama uji na mgonjwa. Simfoni ya Sita, ya Nane, ya Tisa, ya Kumi, zote Mravinsky ndiye aliyezipiga kwanza, na ile ya Nane, ya mwaka 1943, Shostakovich aliandika juu yake jina la Mravinsky kuwa ni zawadi yake. Halafu mwaka 1962 wakakorofishana. Shostakovich alileta Simfoni ya Kumi na Tatu, yenye maneno ya mshairi Yevtushenko kuhusu Wayahudi waliouawa Babi Yar, na Mravinsky hakuiongoza. Wengine wanasema alikwepa siasa, wengine wanasema mke wake alikuwa mgonjwa sana. Kirill Kondrashin akaipiga Moscow Desemba mwaka ule. Urafiki ukapoa. Lakini Mravinsky hakuacha kuzipiga zile simfoni za zamani, na hapo ndipo mkusanyaji kama mimi anaposogeza kiti.

Sababu ni hii. Mwaka 1960 okestra ilikuwa ziarani Ulaya Magharibi, kampuni ya Deutsche Grammophon ikawarekodi simfoni tatu za mwisho za Tchaikovsky: ya Nne mjini London mwezi Septemba, ya Tano na ya Sita mjini Vienna mwezi Novemba. Ni kazi ya studio, safi, kwa sterio, na mpaka leo haijawahi kukosekana sokoni. Wenye santuri za toleo la kwanza wanazitambua kwa lebo ya njano iliyozungukwa na maua madogo ya tulipu. Ukiiona hiyo kwenye sanduku la vitu chakavu, usishtuke wala usitabasamu, uliza bei kwa sauti ya mtu anayetafuta sufuria.

Baada ya miaka ile ya mwanzo ya sitini, Mravinsky akaachana na studio karibu kabisa. Karibu kila kitu chake tulichonacho cha miaka zaidi ya ishirini iliyofuata kilinaswa ukumbini, mbele ya watu, usiku mmoja mmoja. Vinasa sauti viliwekwa, muziki ukapigwa, ukaisha. Aliyekosea kakosea, na aliyedondosha kitu kadondosha.

Kwa hiyo jibu la lile swali ndilo hilo. Mimi sijanunua wimbo mmoja mara saba. Nina usiku saba. Hata wewe uliyekuwa ukienda dansini ulijua kwamba bendi yako Jumamosi na bendi yako Jumapili si bendi moja. Jumapili wamechoka, au mpiga solo kanuniwa na mwenzake, au ukumbi umejaa na mzuka umepanda. Tano ya mwaka 1973 na Tano ya Aprili 1984 noti ni zile zile, ila huyu wa 1984 ni mzee wa miaka 80, anaongoza amekaa kwenye kiti kirefu, mikono haichezi sana, na ule mwisho wenye matarumbeta ambao wengine wanaupiga kama sherehe ya harusi, yeye anaupiga kama mtu aliyeamriwa afurahi. Nikiusikia usiku sipati usingizi.

Tatizo la kukusanya usiku ni kwamba karatasi zinadanganya. Kampuni ya serikali ya Melodiya ilitoa santuri nyingi bila kusema zilirekodiwa lini. Kwenye lebo kuna namba ya viwango vya serikali, GOST 5289, halafu kistari na tarakimu mbili, 61, 68, 73 au 80. Wageni wa mambo haya wanaona 73 wanashangilia, kumbe huo ni mwaka wa sheria ya viwango. Unakuonyesha tu kwamba santuri haikuchapwa kabla ya hapo. Usiku wenyewe unaweza kuwa wa miaka kumi nyuma. Baada ya Urusi ya Kisovieti kuvunjika mwaka 1991, kanda zikauzwa huku na kule, Japani, Ufaransa, Ujerumani, na kila mnunuzi akaandika tarehe aliyopewa. Kuna sidii mbili zenye tarehe tofauti ambazo ukizisikiliza utakuta anayekohoa ni yule yule, sekunde ile ile.

Naam, tunakwenda kwa vikohozi. Msinicheke. Leningrad ni baridi na mafua, na kikohozi hakijui kughushi. Tunapima dakika za kila sehemu, tunasikiliza kiti kinapolia, tunasikiliza nani amekohoa wapi. Na wakati mwingine tunapima hata kasi ya mkanda. Simfoni ya Nane aliyoiongoza mwaka 1982, ile ile yenye jina lake, ilipotolewa Ulaya kwenye sidii mkanda ulikuwa umekimbizwa kuliko inavyostahili, sauti zote zikapanda. Sisi tuliolelewa na redio kaseti tunaelewa: betri zikichoka mwimbaji anakuwa zimwi, na mota ikikimbia anakuwa katuni. Pale haikufika kwenye katuni, ndiyo maana wengi walisikiliza miaka wakiamini huo ndio ukali wa Mravinsky. Matoleo ya baadaye yamerekebisha. Ukinunua, hakikisha unanunua hayo.

Haya, sasa ile Simfoni ya Kumi, maana hii ina damu yangu ndani.

Mjomba wangu alipata nafasi ya kusoma uhandisi Leningrad, akaondoka mwaka 1972. Alirudi na shahada, koti zito ambalo Dar halikuvaliwa hata mara moja, na hadithi moja. Kwamba masika ya mwaka 1976 Mrusi aliyelala naye chumba kimoja alimpeleka kumsikiliza Mravinsky, kwenye ule ukumbi mkubwa wenye nguzo nyeupe na taa za vioo. Wakakaa juu, kwenye nafasi za wanafunzi. Shostakovich alikuwa amefariki Agosti ya mwaka uliotangulia. Ilipigwa ya Kumi, simfoni ambayo Mravinsky aliipiga mara ya kwanza Desemba 1953, miezi tisa baada ya Stalin kufa, na ambayo mtunzi ameficha herufi za jina lake mwenyewe ndani ya noti, zinarudi na kurudi mpaka mwisho zinapigwa kwa nguvu zote. Inaanza chini kabisa, selo na besi peke yake, kama mtu anayetembea gizani. Hapo, anasema Mjomba, ndipo alipokohoa. Mara moja. Nusu ya watu wa kule juu wakamgeukia Mwafrika aliyethubutu.

Sisi watoto tuliisikia hadithi hiyo kila Idi na kila msiba. Nilipoanza mambo haya ya santuri ndipo ikanijia: usiku ule si umerekodiwa?

Nikatafuta. Nikakuta sidii ya Kumi iliyoandikwa tarehe 31 Machi 1976, nikaagiza. Kisha nikagundua kuna nyingine imeandikwa tarehe 3 Machi 1976. Basi nikapiga kalenda, zote Jumatano. Tatu na thelathini na moja: karani akisahau moja tu, usiku umehama wiki nne.

"Shikamoo Mjomba. Ilikuwa mwanzo wa Machi au mwisho?"

"Marahaba. Ilikuwa baridi."

"Mjomba, kule si baridi mpaka Mei?"

Akafikiri. Akasema siku chache baadaye aliwanunulia akina mama wa jikoni bwenini yale maua ya njano ya mimosa, kwa sababu Warusi tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, hawataki mchezo, usipotoa ua unaonekana mshenzi. Kwa hiyo ni tarehe 3. Nikaagiza na hiyo. Mwenzangu nyumbani aliniangalia tu. Tangu hapo ameweka sheria kwamba santuri au sidii moja ikiingia ndani, nyingine itoke, na anayechagua ya kutoka ni yeye.

Haraka yangu ilikuwa na sababu. Mjomba sikio la kushoto limeshakufa na la kulia linaelekea huko huko. Ukimsemesha anaangalia midomo. Nilitaka akisikie kikohozi chake wakati bado kuna sikio la kukisikilizia. Nikabeba sidii na spika, nikaenda kwake Jumapili jioni, nikamweka upande wa kulia wa spika, nikaongeza sauti mpaka majirani wakachungulia.

Selo zikaanza. Mjomba kafumba macho. Mimi nimekaza masikio, na kweli, mle mwanzoni, watu wanakohoa. Mmoja wazi kabisa, kifupi, kizito. Nikamgusa goti. Akafungua macho.

"Kimepita?"

"Kimepita, Mjomba."

"Rudisha."

Nikarudisha. Akatega sikio, akatikisa kichwa. Alisikia muziki, kikohozi hakukisikia. Nikarudisha tena. Mara ya tatu alishika spika kwa mikono yote miwili kama anapima joto la mtoto. Hakuna. Nikaona aibu kwamba nimemletea kitu ambacho mimi tu ndiye ninayeweza kukisikia.

Mara mke wake akapaza sauti kutoka jikoni: "Wewe baba, bado unakohoa tu? Si nilikuambia ile dawa uimalize?"

Mjomba hakusikia. Ikabidi nimwambie alichosema mkewe, polepole, akisoma midomo yangu. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mkewe akaja mlangoni na mwiko mkononi kuuliza kulikoni. Tulimpigia tena bila kumwambia chochote. "Si huyo hapo," akasema, akarudi kwenye sufuria yake.

Wenzangu wa vipimo vya dakika watasema huo si ushahidi. Waseme. Kwenye kava la ile sidii nimeandika kwa penseli, chini ya majina ya wanamuziki, jina la Mjomba na neno "kikohozi". Imepewa msamaha na mwenzangu, haitoki ndani.

Kwa wale ambao mpaka hapa hamjafunga gazeti na mnataka kuonja, msianze na hiyo ya Kumi, itawatisha. Anzeni na zile za Tchaikovsky za 1960, siku hizi hata kwenye simu zinapatikana. Chukua ya Nne, nenda moja kwa moja sehemu ya mwisho. Haifiki dakika tisa, ila sauti usiiweke juu tangu mwanzo, maana inaanza kwa kishindo, bila hodi, na mwenye nyumba wako hajazoea.